Okoth wa Mfano

Mhariri wetu hakupenda kuulizwa kama ana hakika. Akishakujibu jambo, nawe ukarudi na "Una hakika, Madam?", alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani, akakutazama mpaka ukasahau ulichotaka kujua. Nilidhani ni kiburi cha ualimu. Alikuwa amefundisha Kiswahili kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na walimu wa aina hiyo nawajua, wakisema wamesema. Muda mrefu ulipita kabla sijaelewa kwamba ni swali lenyewe lililokuwa likimchoma.

Ofisi yetu iko ghorofani karibu na soko la Kibuye, na Jumapili huwezi kufungua dirisha kwa kelele za wauza mitumba. Tunatengeneza programu ya kompyuta ambayo zahanati ndogo za kando ya ziwa huitumia kuandikisha wagonjwa. Otieno ndiye fundi anayeiunda. Mimi naandika mwongozo wake, yaani maelezo yanayomwonyesha karani wa zahanati abonyeze wapi na abonyeze lini. Mhariri aliletwa na bosi aje kwa miezi michache, asome Kiswahili changu, arekebishe makosa, aende zake. Makosa aliyakuta mengi kuliko walivyokubaliana, akabaki. Alijichagulia meza ya dirishani, akaja na mto wake wa kukalia kutoka nyumbani, na hakuna aliyethubutu tena kuketi pale hata siku asipokuja.

Kazi yake aliifanya kwa mdomo. Kila ukurasa aliusoma kwa sauti akitembea kati ya meza zetu, na neno lisilomkalia vizuri alilirudia na kulirudia, kama mtu anayetafuta mwiba wa samaki kwa ulimi. Akiupata huo mwiba, siku yako imeharibika. Utaitwa, utasimamishwa, utasomewa sentensi yako kana kwamba umeiba.

Hivyo ndivyo alivyowapata bwana na mtumwa. Mfumo wetu una kompyuta mbili kuu, moja inaamuru na nyingine inafuata na kunakili. Mafundi walizoea kuziita hivyo kwa Kiingereza, na aliyetangulia kututafsiria alilichukua neno akaliweka kama lilivyo. Mhariri alilifikia asubuhi moja, akasimama katikati ya chumba. Akasoma, "Mtumwa akikataa kutii, mzime, kisha umwashe upya." Akasoma tena. Kisha akamuuliza Otieno kama angeweza kusimama kanisani kwao aisome sentensi ile mbele ya watu.

Otieno alijitetea kwamba mashine haina uchungu. Mhariri akasema mashine haisomi mwongozo, anayesoma ni mtu. Basi tukazozana wiki nzima. Otieno alileta "mkubwa na mdogo", ikakataliwa. Mimi nikaleta "mama na mtoto", nikaulizwa ni mama gani huyo ambaye mtoto wake anazimwa na kuwashwa. Bosi akaleta "kiongozi na mfuasi", na Mhariri akacheka, akasema kwa siasa za hapa kwetu hilo ni lile lile la mwanzo limebadilishwa shati. Mwishowe tukakubaliana chanzo na nakala. Otieno alibadilisha majina huku akinung'unika, na siku chache baadaye nikamsikia kwenye simu akimwambia karani fulani kwamba nakala imelala kidogo, angoje. Hakujua kwamba ameshashindwa.

Ilipofika zamu ya orodha nyeusi, ile ya watu waliozuiwa kuingia kwenye mfumo, Otieno alidhani amepata pa kujificha. Alisema yeye mwenyewe ni mweusi tititi na hiyo orodha haijawahi kumsumbua. Mhariri akamwambia haijamsumbua kwa sababu hajaandikwa humo. Ikawa orodha ya waliozuiwa, na mambo yakaisha.

Ungesikia hayo ungedhani alikuwa mtu wa maneno laini. Hata kidogo. Sisi alituita wajinga nyinyi kila siku ya Mungu, na dakika hiyo hiyo akatugawia njugu alizokaanga mwenyewe. Waendesha bodaboda aliwatukana kwa Kijaluo kizito mpaka wapita njia wakageuka. Kiswahili alikitumia kufanya kazi, Kijaluo kuomba na kutukana, Kiingereza kuhesabu tu. Alitushikilia tuseme "mtu mwenye ulemavu", naye akamwita jirani yake "yule mwenye mguu", na tulipomkamata akasema jirani yake anamwita yeye "yule mwenye mdomo", wameshamalizana. Akifurahi na wewe alikuita nyathina, mwanangu. Lakini hilo lilikuja kwa nadra, nasi tulilingoja kama mvua.

Vita vyake vikubwa vilikuwa vya neno bubu. Fundi akitaka kujaribu programu, huijaza kwanza habari za uongo, majina na umri na magonjwa ya watu wasiokuwepo. Kwa Kiingereza habari hizo zina jina ambalo pia ni tusi la zamani kwa mtu asiyesema, na mfasiri wetu wa kwanza, bila kufikiri mara mbili, akaandika data bubu. Lilikaa hivyo miaka. Hata Mhariri lilimpita, kwa kuwa lilikuwa kwenye sura ya mafundi ambayo hakuipenda.

Karani mmoja wa zahanati ya upande wa Awasi, mwanamke asiyesikia na anayezungumza kwa ishara, akatutumia ujumbe kwa simu. Alisema amesoma kwenye mwongozo kwamba data bubu si ya kweli, haihesabiwi, na unaweza kuifuta wakati wowote. Akauliza kama aliyeandika hivyo alijua nani atasoma. Mhariri akaonyeshwa ule ujumbe. Kesho yake hakuja kazini, alikwenda Awasi kumwomba radhi ana kwa ana. Aliporudi alitusimamisha wote, bosi akiwemo, akatufundisha ishara ya mikono ya kuomba samahani, na hakutuachia mpaka kila mmoja alipoipata sawasawa.

Siku hiyo ndipo alipotupa lile agizo lake ambalo baadaye lilimrudia. Alisema mwongozo ni nyumba ya watu, na kila anayeufungua ni lazima aone mahali pake pa kuketi.

Tukaanza kutafuta jina jipya la zile habari za uongo. Tunataka neno, akasema, la kitu kinachoshika nafasi ya mtu ambaye hayupo. Otieno, akiwa ameegemea kiti chake na kalamu mdomoni, akasema, "Si hiyo ni yago tu, Madam."

Kwa Wajaluo, mtu akizama ziwani na mwili wake usipopatikana, ndugu zake huenda kwenye mti unaoitwa yago, wakachuma tunda lake, refu na zito, wakalizika badala yake, kwa machozi na sala kama mtu. Kwa maana tupu, Otieno alikuwa amelipata neno. Lakini alikuwa hajamaliza kulisema alipouziba mdomo kwa mkono. Yeye na Mhariri wanatoka upande mmoja. Alijua, na ulimi ulikuwa umemponyoka.

"Hapana," Mhariri akasema. "Hilo lina wenyewe."

Tukaandika data ya majaribio. Hakuna aliyelipinga, hata kama halina utamu wowote.

Hapo inabidi nimtaje Okoth. Alikuwa mwana wa kwanza wa Mhariri, fundi wa umeme wa jua. Alikwenda visiwani kufunga paneli kwenye paa la zahanati, akaimaliza kazi, na alasiri akapanda boti kurudi. Upepo uliwakuta katikati ya safari, boti ikapinduka. Wengine waliokolewa, wengine wakapatikana baada ya siku kadhaa. Begi la Okoth lilipatikana likielea, na ndani yake shati lake la kazi. Yeye hakupatikana. Haya Otieno alinieleza kwenye ngazi, kwa sauti ya chini, kisha akaniambia nisiwahi kuuliza.

Sikuuliza, na pia sikuhitaji, maana Okoth tulikuwa naye mezani. Katika mwongozo wowote lazima pawe na mtu wa mfano, yule ambaye karani hujifunzia kwa jina lake. Andika jina hapa, andika umri hapa, hifadhi. Mhariri alipokuja alisema mifano yangu ni mikavu, akaomba aiandike mwenyewe. Kuanzia hapo kila ukurasa ulikuwa na Okoth. Okoth alikuja zahanati na kikohozi. Okoth alibadilisha nambari ya simu. Okoth aliteguka mguu akicheza mpira na wenzake, akaambiwa arudi baada ya wiki, na kwenye ukurasa uliofuata alirudi kweli, amepona.

Na alikuwa akikua. Kila tulipotoa mwongozo mpya, Mhariri alimwongezea umri inavyostahili. Kwenye toleo moja Okoth aliandikisha mke. Kwenye lililofuata alimleta mtoto wa kike kuchanjwa, na nikaona Mhariri amempa yule mtoto jina lake yeye mwenyewe, kama desturi ya bibi na wajukuu. Niliusoma ukurasa ule nikaenda kusimama kwenye ngazi. Tuliokuwepo tulijua wote, na hakuna aliyewahi kulitamka. Makarani wa visiwani walikuwa wakitupigia simu na kusema, kwa utani, tumsalimie Okoth. Mhariri alizipokea salamu hizo, akasema atafikisha.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa akija ofisini mara kwa mara. Mzee mpole, anavaa koti hata kwenye joto la saa nane. Aliketi kwenye benchi la mlangoni, Mhariri akampelekea chai, wakaongea taratibu. Tulijua anachotaka. Nyumbani walitaka kuzika yago, jambo liishe, kwa sababu mdogo wake Okoth alikuwa amekua, anataka kujenga, na kwao humpiti kaka yako ambaye hajulikani kama yuko juu ya ardhi au chini. Mzee alisema hayo bila kupandisha sauti, na kila mara Mhariri alimjibu neno moja, bado. Mzee akashukuru kwa chai, akashuka ngazi. Nilimwonea huruma yule mzee. Nilimwonea huruma pia yule kijana asiyeweza kujenga, na nikajiambia moyoni kwamba Madam anakosea, kisha nikaona aibu, maana mimi nimemzika nani?

Mtu huyu ndiye aliyejua kutafuta neno la badala kwa kila kitu. Alimtoa mtumwa, akamtoa bubu, kila aliyeumizwa na neno alimtafutia lingine la kukaa mahali pake. Kwa mwanawe tu ndipo hakutaka cha badala.

Nyumbani kwake ni Otonglo, nyuma ya soko la barabara ya Busia. Nilifika huko mara ya kwanza kumpelekea kurasa alipokuwa na malaria, na ikaangukia jioni ya nyawawa. Hizo ni roho za wafu, wanasema, hupita kwa upepo wakati wa jioni, na watu hugonga sufuria na mabati nyumba hadi nyumba ili kuzisukuma zirudi ziwani. Mtaa mzima ulikuwa ukigonga. Watoto wanafurahi, wakubwa wanajifanya wanacheka. Mhariri hakugonga. Alikuwa mtu wa kanisa, Jumamosi yake ilikuwa ya Bwana na haikuguswa, na aliniambia hayo ni mambo ya kishenzi. Halafu, papo hapo, akajisahihisha kwamba kishenzi si neno zuri, tuseme mambo ya zamani.

Lakini aliinuka na homa yake, akaenda akaufungua mlango wa mbele, ilhali jirani zake wote walikuwa wameshafunga ya kwao. Akaweka tofali usijifunge. Nikamuuliza kwa nini. Alisema joto. Jioni ile hapakuwa na joto lolote, upepo ulikuwa ukiingia mpaka kurasa zikaruka mezani. Baadaye nilijua kwamba alikuwa akiuacha wazi kila jioni, nyawawa au hakuna nyawawa, mpaka anapokwenda kulala. Niliogopa siku ile, nasema kweli. Niliketi nimeupa ukuta mgongo, macho yangu kwenye ule mlango, nikijua wazi hakuna atakayeingia na bado nikimngoja pamoja naye.

Kulikuwa na sura moja tu ya mwongozo ambayo Okoth hakuwa nayo. Ni sura ya kufuta. Mgonjwa akifa, karani alitakiwa kutafuta jina lake na kubonyeza "Futa". Programu ilimuuliza, "Una hakika?", naye akibonyeza "Ndiyo" kila kitu cha yule mtu kinapotea, kikohozi chake na chanjo zake na siku zote alizowahi kuja. Makarani walilalamika kwamba sura ile haina mfano na wanakosea. Mhariri alijibu kwamba pale hapahitaji mfano. Lilikuwa jibu baya, na alijua. Alikuwa pia akimsumbua Otieno atengeneze kitufe cha pili, tofauti na Futa, maana aliyekufa si kosa la uandishi la kufutwa, aliishi. Bosi alisema hiyo ni kazi kubwa kwa jambo dogo. Ikakaa hivyo.

Ndipo akaja Nekesa. Alitoka Bungoma, ameajiriwa kupokea simu za zahanati, binti mwepesi na mkweli asiyezunguka na maneno. Hakuna aliyemweleza habari ya Okoth, kwa sababu tulikuwa tumezoea kutoisema. Bosi alimpa mwongozo asome wote, kisha aseme kwenye mkutano alichokiona kwa macho mapya. Nekesa alijiandaa. Nadhani alitaka hasa kumfurahisha Mhariri, maana alikuwa amesikia hadithi za mtumwa na za Awasi, na akaona huyu ndiye mtu wa kufanya kazi naye.

"Madam, ulisema kila mtu akifungua hii mwongozo aone mahali yake ya kuketi," alisema. "Mimi nimefungua mwanzo mpaka mwisho. Mwenye ameketi ni Okoth peke yake. Hakuna mwanamke wa maana, hakuna Mluhya, hakuna Mhindi, hakuna hata mzee. Kwani huyu Okoth ni nani, anapewa kila kitu?"

Otieno aliinamisha kichwa mpaka kwenye meza. Bosi alianza kukohoa. Mimi nilitazama dirishani, chini kule Kibuye mtu alikuwa akikung'uta pazia la mtumba.

Mhariri alivua miwani, akaipangusa. "Umeuliza vizuri," akamwambia Nekesa, na akasema kwa upole, ambao ulinitisha kuliko hasira zake zote. Akaivaa miwani, akakusanya kurasa zake, akazipanga sawasawa. Kisha akauchukua ule mto kitini, akauweka kwapani, akashuka ngazi. Tulipoona amechukua mto, tulijua.

Nekesa alipoelezwa alilia mpaka akapata kwikwi. Akataka arudishe maneno yake, mkutano ufutwe, Okoth abaki. Bosi akasema Okoth abaki. Otieno akasema akibadilishwa Okoth yeye anaacha kazi, jambo ambalo hakuna aliyeliamini. Mimi niliona Nekesa ana haki, kila neno lake lilikuwa la haki, na nikamchukia kwa hilo siku kadhaa, mpaka nilipomkuta amejifungia stoo akijaribu kumpigia Mhariri simu isiyopokelewa. Nikakaa naye pale chini. Mtu anaweza kusema la kweli na likamkata mwenziwe, na hakuna mwenye kosa. Hilo ndilo lililotuuma, kwamba hatukuwa na wa kumlaumu.

Wiki zikapita. Simu zetu hakupokea, ila Otieno alipotuma ujumbe kwamba ameanza kukitengeneza kile kitufe cha pili, bosi apende asipende, alijibiwa neno moja, asante. Kisha Mhariri akanipigia mimi. Alisema nije Otonglo na kompyuta yangu, nije na sura ya kufuta.

Nilifika jua likiwa limelala upande wa ziwa. Mlango ulikuwa wazi, tofali mahali pake. Alikuwa amekonda, kitambaa cha kichwani kimekuwa kikubwa. Sebuleni palikuwa na kochi moja refu, nami nilikuwa nataka kuketi pale kama siku zote.

"Usikae hapo," akasema. "Hapo pana mtu."

Nikatazama. Juu ya kochi palikuwa na kitu kirefu kimelazwa, kimefungwa vizuri ndani ya shati la bluu la kazi, vifungo vyote vimefungwa. Shemeji yake alikuwa amelileta tunda la yago asubuhi, na kesho yake wangelipeleka nyumbani kulizika.

Mhariri aliona ninavyotazama. "Pana kitu," akajisahihisha. Akafikiri, midomo yake ikilijaribu lile neno kama kawaida yake. "La. Liache la kwanza."

Nikaketi kwenye kigoda, nikaiwasha kompyuta magotini. Aliuliza habari za Nekesa, nikamwambia anajiona muuaji. Akasema nimwambie aache ujinga, na kwamba majina mapya ameshayafikiria. Karani wa Awasi akikubali jina lake litumike, awe wa kwanza. Awepo nyanya yake Nekesa. Awepo Mhindi, awepo mzee. Okoth atakuwa na mahali pamoja tu, panamtosha.

Basi tukaanza ile sura. Kitufe cha Otieno kilikuwa hakina jina bado. Nilimsomea majina niliyoyabuni mwenyewe, hakuyataka hata moja. "Pumzisha," akasema. "Kila alichowahi kuandikiwa kinabaki. Haandikiwi kingine, basi." Nikaandika. Kisha akanitamkia mfano, polepole, na macho yake hayakuwa kwangu. Okoth alikuja kwetu tangu akiwa kijana. Okoth amefariki ziwani. Karani, tafuta jina lake. Lisome mara moja kwa sauti. Bonyeza Pumzisha.

Nilikosea herufi mara mbili, nikarudia.

"Halafu programu inauliza," nikasema, nikisoma kilichokuwepo, "Una hakika?"

"Toa hilo swali."

"Liko kila mahali, Madam."

"Toa kila mahali. Mwambie Otieno ni mimi nimesema." Alivua miwani, lakini safari hii hakuipangusa, aliishika tu. "Mimi sina hakika, nyathina. Hata sasa mtu akigonga hapo, moyo wangu unaruka. Hawa wanataka niwe na hakika, nitaitoa wapi? Nikiingoja, mtanizika mimi kwanza, na yule mdogo wake atazeeka bila nyumba. Usimuulize mtu kama ana hakika. Muulize kama yuko tayari."

Nikaifuta ile sentensi, nikaandika nyingine mahali pake. Kisha, kwa mazoea aliyotutia mwenyewe miaka yote ile, nikaisoma kwa sauti ili tusikie kama inakaa vizuri mdomoni.

"Uko tayari?"

Ilitoka kama namuuliza yeye. Sikukusudia, nikamwomba samahani kwa ile ishara ya mikono ya Awasi. Mhariri aliiona, akaitikia kwa kichwa. Akainuka, akaenda kwenye kochi, akainyoosha kola ya lile shati ilipokuwa imejikunja. Akakaa pale pembeni, mkono wake juu ya vifungo. Nje giza lilikuwa likianza kuingia, na upepo wa ziwa ulikuwa ukipita mlangoni kama siku zote.

Nikaizima kompyuta, nikasimama, nikamwambia tutakuja kesho, wote, na Nekesa pia. Akasema vyema.

"Ukitoka," akaniambia, bila kugeuka, "ondoa hilo tofali. Ufunge mlango."